Monita ya kafe iliyofungwa kuwa TV ya shangazi: shajara ya kazi, Mwanza

Jumamosi: kuchagua

Shangazi anakaa Igogo, juu kwenye mawe, nyumba ambayo ukisimama mlangoni unaiona bandari yote kule chini. TV yake ya chogo ilikuwa na historia. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mwanzoni mwa 2013 zamu ikafika Mwanza. Wengi walizitupa TV zao wakidhani zimekwisha kazi, yeye akanunua king'amuzi, akachomeka waya za rangi tatu, akaendelea na maisha. Mwaka jana ndiyo ikagoma kabisa. Tangu hapo taarifa ya habari na tamthilia anaangalia kwenye simu aliyoiegemeza kwenye chupa ya chai, na macho yanamuuma. TV ya inchi 32 anaitaka sana, ila ada za wajukuu zimetangulia mbele ya foleni.

Nikakumbuka jamaa mmoja mjini aliyekuwa na kafe ya intaneti kabla simu hazijaiua biashara hiyo. Monita zake ziko stoo, zimefunikwa turubai, na mwenye fremu anataka nafasi yake.

"Chukua unayoitaka mkuu, elfu ishirini kila moja. Zote zima hizo."

Nilikaa nazo sakafuni. Watu wengi wakipewa monita ya zamani huiwasha kwanza waone kioo. Mimi huigeuza nione mgongo, maana mgongoni ndipo unapojua kazi itakugharimu kiasi gani. Za kizazi hiki hazina HDMI, lile tundu la picha na sauti lililo kwenye TV za sasa. Kiwango cha HDMI kilitangazwa Desemba 2002, lakini kilichukua miaka kuingia kwenye monita za ofisini. Zote pale zilikuwa na VGA, lile tundu la bluu lenye vishimo 15 ambalo IBM walilileta mwaka 1987. Chache zilikuwa pia na DVI, tundu jeupe pana, la mwaka 1999. Ukiipata yenye DVI, ichukue hiyo. Sababu nitaieleza mbele.

Kisha umbo. Nyingi zilikuwa zile za inchi 17 zinazokaribia mraba, pikseli 1280 kwa 1024, yaani uwiano wa 5:4. Video za leo zinatengenezwa kwa 16:9. Ukiacha picha ijaze kioo chote cha 5:4, kila mtu anarefuka kwa asilimia 42, na mtangazaji wa habari anapata uso mrefu kama papai. Ukizuia isijaze, unabaki na mikanda myeusi juu na chini, na picha inatumia asilimia 70 tu ya kioo ambacho tayari ni kidogo. Kulikuwa na moja pana, inchi 19, pikseli 1440 kwa 900, uwiano wa 16:10. Hapo tofauti ni asilimia 11, ambayo jicho linaisamehe. Ina VGA, ina DVI, na nyuma ina matundu manne ya skrubu yaliyoachana milimita 100, kwa hiyo siku moja itaweza kukaa ukutani. Spika haina. Kibandiko chake kinasema 2007.

Tukaichomeka. Taa ya kijani ikawaka, kioo kikang'aa kwa sekunde mbili hivi, kikazima. Taa ya kijani ikabaki.

"Hiyo kioo kimekufa," jamaa akasema, akiwa ameshaanza kuivuta pembeni.

Nikawasha tochi ya simu nikaiinamisha karibu kabisa na kioo. Kwa pembe fulani, gizani, yale maandishi ya kwamba hakuna mawimbi yalionekana yakielea, hafifu. Kioo kizima. Kilichozimika ni taa za nyuma yake. Nikamwonyesha na yeye, akacheka, akashusha bei hadi elfu kumi. Nikachukua na moja ya inchi 17 kwa elfu tano, nikijua haitakosa mwenyewe.

Jumapili: kufungua

Kwanza neno la tahadhari kwa anayetaka kuiga. Umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa ndani ya monita unakaa kwenye kapasita moja nene (kile kikopo kinachohifadhi umeme) kwa takriban volti 325, na kapasita hiyo haijali kwamba umeshachomoa plagi. Iache ipumzike, kisha pima kwa multimita kabla kidole hakijaingia. Kuna mafundi wanaipiga shoti kwa bisibisi, inalia paa, wanacheka. Siwaigi. Unaweza kuunguza bodi, na bisibisi, na wewe. Tena upande wa pili wa bodi hiyo kuna saketi inayopandisha umeme hadi mamia ya volti kwa ajili ya taa, kwa hiyo ikiwa imewashwa, mikono mfukoni.

Skrubu ziko mbili tu, chini ya shingo. Vilivyobaki ni vibanio vya plastiki pembeni, na kifaa bora cha kuvitengua ni kadi ya benki iliyokwisha muda wake: unaipenyeza ufa wa chini, unaitembeza polepole, vibanio vinaachia kimoja kimoja. Bisibisi ya chuma inatafuna plastiki.

Ndani nilikuta ziwa. Wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kwa mawingu na kukimbilia kila penye mwanga walikuwa wamekauka kwenye matundu ya juu ya kupumulia, tabaka juu ya tabaka, wamechanganyika na vumbi mpaka wamekuwa zulia la kijivu. Unalishika pembe moja, linanyanyuka zima. Monita iliyozibwa hivyo inajipika yenyewe, na joto ndilo linaloua kapasita. Niliyapangusa matundu kwa brashi kavu ya rangi. Maji hapana.

Chini ya kizuizi cha bati kuna bodi mbili. Ya umeme ni ile ya kahawia, na haikuhitaji hata miwani: kapasita mbili, karibu na mahali zinapochomekwa zile nyaya nyembamba za waridi na nyeupe za taa, vichwa vimevimba. Kapasita nzima kichwa chake ni bapa, na ule msalaba uliochongwa juu umelala. Hizi msalaba umefumuka na pembeni kuna ukoko wa kahawia. Vifaa vya miaka ya mwanzo ya 2000 vilisifika kwa ugonjwa huu. Kapasita zenye kimiminika kibovu ziliingia kwenye mashine nyingi duniani, na zikafa mapema kuliko kila kilichokuwa jirani yake. Ndiyo maana dalili ni ile ile: taa inajaribu kuwaka, umeme unaopelekwa unayumba, saketi inajilinda, inazima.

Zilikuwa za maikrofaradi 1000 (kipimo cha umeme zinaoweza kuhifadhi), volti 16. Nimeziandika, nimepiga picha kuona mstari mweupe ulikuwa upande gani, kwa sababu ule mstari ni hasi na kapasita iliyogeuzwa hupasuka. Kisha nikafunga duka.

Jumatatu na Jumanne

Duka la vipuri vya redio mjini walikuwa na 1000 za volti 25. Volti ikizidi hakuna neno, mradi maikrofaradi zilingane na kapasita itoshee; ikipungua ndiyo hatari. Nilisisitiza zile zilizoandikwa nyuzi 105 za joto, si 85. Kijana wa kaunta akaniuliza kama natengeneza amplifaya. Bei yake ukilinganisha na TV mpya ni ya kuchekesha, hata nauli ya daladala iliizidi.

Nikazitoa za zamani kwa solda, nikaweka mpya. Ni ndefu kidogo kuliko zilizotoka, kwa hiyo moja nimeilaza. Nikafunga bila kubana vibanio vyote, nikawasha. Ikawaka na kubaki. Nimeiacha iwake jioni nzima huku nafanya mambo yangu.

Kama kapasita zingekuwa salama, mshukiwa wa pili ni taa zenyewe. Katika monita za umri huu si LED, ni mirija myembamba ya kioo yenye zebaki kidogo ndani. Ndiyo maana naomba watu wasizichome jalalani pamoja na majani ya migomba.

Katikati ya wiki: picha

Kisanduku cha Android, kile kinacholeta YouTube na programu nyingine za intaneti kwenye TV, nilikuwa nacho, kina HDMI, kina tundu dogo la AV, kina rimoti. Kilichobaki ni kukiunganisha na monita.

Dukani walinipa kwanza waya mmoja mzuri, mwisho huu HDMI, mwisho huu VGA, hauna kitu katikati.

"Huu kaka ndio wanaochukua wote."

"Una saketi ndani dada yangu?"

"Saketi ya nini tena? Si waya?"

Hapo ndipo pesa za watu zinapozama. HDMI inatoa tarakimu, VGA inataka mawimbi ya analojia. Waya mtupu hauwezi kutafsiri, hata ukiwa wa dhahabu. Unahitaji adapta yenye chipu ndani, na mara nyingi utaijua kwa kile kichwa kinene au kijisanduku kidogo, na nzuri zaidi zina tundu la sauti pembeni na tundu la kuongezea umeme. Niliipata kwa Sh 15,000. Lile tundu la umeme lina maana yake: adapta inakula kutoka kwenye HDMI yenyewe, na HDMI haitoi umeme mwingi. Picha ikianza kupepesa au kupotea na kurudi, chomeka chaja ya simu hapo kabla hujalaumu kitu kingine.

Jaribio la kwanza: kioo cheusi na maandishi ya kwamba mawimbi yako nje ya kiwango. Kisanduku kilikuwa kimewekwa 1080, yaani pikseli 1080 kwa wima, monita mwisho wake ni 900. Kwa kawaida monita hujitambulisha na kisanduku kinajishusha chenyewe, lakini hiki changu ni kiburi. Nilikipeleka kwenye TV ya rafiki, nikaingia kwenye mpangilio wa skrini, nikakilazimisha 720 kwa herzi 60, yaani picha ichorwe upya mara 60 kwa sekunde, nikarudi nacho. Picha hiyo hapo.

Halafu kuna kitufe cha AUTO. Kwenye VGA monita inakisia picha inaanzia wapi na kuishia wapi, na inakisia kwa kuangalia kingo. Ukibonyeza AUTO wakati skrini imejaa giza, inakosa kingo, inakisia vibaya, na picha inahamia pembeni. Tafuta kwanza skrini yenye mwanga hadi kwenye kona zote, kwa mfano picha ya mbingu nyeupe, ndipo ubonyeze. Maandishi ya chini yaliyokuwa yanatetemeka yalitulia hapo hapo.

Nikabaki na swali la DVI. HDMI na DVI ya tarakimu zinaongea lugha moja kwa upande wa picha, kwa hiyo hapo waya wa kawaida usio na chipu unatosha. Nikaazima mmoja ofisini. Tofauti inaonekana: herufi za menyu zimekatika vizuri, rangi nyeusi ni nyeusi, na hakuna AUTO wala kukisia. Nusu saa nikawa nimeridhika kabisa.

Kisha nikafungua Netflix. Menyu ilitokea, nikachagua filamu, kioo cheusi.

Hii si hitilafu. Kuna ulinzi unaoitwa HDCP, uliobuniwa na Intel, ambapo kifaa kinachotoa picha kinaiuliza skrini kama imeidhinishwa kabla ya kuipa filamu iliyolindwa. Monita nyingi za DVI za miaka ile hazikuwekewa jibu la swali hilo, na hii yangu ni mojawapo. YouTube, taarifa ya habari, video zilizo kwenye flashi, vyote vinapita, kwa sababu haviulizi. Kwa hiyo jambo hili lipimwe kabla ya kununua chochote: azima kisanduku au laptopu, azima waya, fungua zile programu ambazo mtumiaji mwenyewe anazitaka. YouTube ikicheza haijathibitisha chochote kuhusu nyingine.

Nikampigia shangazi kumuuliza hasa anaangalia nini.

"Taarifa ya saa mbili, baba. Na ile tamthilia. Na kwaya Jumapili."

Vyote anavipata YouTube. Tumebaki na DVI, na binti yake aliyelipia Netflix ataendelea kuitazama kwenye simu yake.

Ijumaa: sauti

Kila anayeanza kazi hii anafikiria picha. Picha nimeimaliza kwa waya wa kuazima. Sauti imenila zaidi.

DVI kwenye monita hii haipitishi sauti, na hata ingepitisha, monita haina spika. Njia zilikuwa tatu. Spika ya Bluetooth: nilijaribu, na mdomo wa mtangazaji ulikuwa unatangulia maneno. Kwa muziki huioni kasoro, kwa mtu anayesoma habari inakera. Njia ya pili ni lile tundu la sauti la adapta ya VGA, ila VGA tumeshaiacha. Ya tatu ni tundu la AV la kisanduku chenyewe, nalo ndilo nililotumia.

Tundu hilo ni dogo kama la hedifoni lakini linabeba vitu vitatu: sauti kushoto, sauti kulia, na picha ya kizamani. Plagi yake ina sehemu nne za chuma. Waya wa AV wa kifaa kingine unaweza kuingia vizuri kabisa na ukampelekea spika ile picha badala ya sauti, na utasikia mlio mkali wa kukereketa. Ukisikia mlio huo usipandishe sauti. Jaribu kubadilisha waya, au hamisha rangi. Nilitumia ule uliokuja na kisanduku: nyekundu na nyeupe kwenye sabufa la shangazi, njano nikaikunja na kuifunga kwa utepe.

Sauti ikaja. Video za YouTube safi. Lakini filamu moja iliyokuwa kwenye flashi ilikuwa bubu, picha inakwenda, sauti hakuna. Hapo inabidi uingie kwenye mpangilio wa sauti wa kisanduku. Kilikuwa kimeachwa kijiamulie, na kilipokutana na sauti ya Dolby ya spika sita kiliipitisha ikiwa imefungwa, kikitegemea kuna mashine mbele yake ya kuifungua. Sabufa la kawaida halina uwezo huo. Nikachagua PCM, yaani kisanduku kifungue chenyewe na kitoe sauti ya spika mbili. Faida ya pili ya PCM: rimoti ya kisanduku sasa inapandisha na kushusha sauti, hivyo shangazi hatahitaji rimoti mbili.

Ukabaki mvumo. Mmmm wa chinichini, unaousikia chumba kikitulia. Sabufa lilikuwa limechomekwa soketi ya ukuta mmoja, monita na kisanduku ukuta mwingine. Nilivyoviweka vyote kwenye ekstensheni moja, mvumo ulipungua hadi ukawa haumsumbui mtu.

Jumamosi: Igogo

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Hiyo ndiyo TV? Mbona kama ya benki?"

Ameshasafisha kabati la sebuleni, ameweka na kitambaa cha kufuma. Wajukuu wameshapendekeza tuitundike juu karibu na dari, kama kwenye kibanda umiza. Nikakataa, na sababu wakaiona wenyewe. Monita hizi za ofisini zilitengenezwa kwa mtu aliyekaa mbele yake, macho usawa wa kioo. Ukiitazama kutoka chini picha inaanza kuwa nyeusi, ukizidi kushuka rangi zinageuka kinyume, nyuso zinakuwa kama negativu. Nikampa mjukuu mdogo akae mkekani, nikanyanyua monita taratibu, akapiga kelele, "Amegeuka zimwi!" Basi imebaki kabatini, usawa wa kochi, nimeiinamisha mbele kidogo kwa ajili ya wanaokaa mkekani.

Shangazi aliponiona naweka sabufa karibu na monita alinishika mkono.

"Usisogeze spika hapo, zinaharibu TV. Ile yangu ilipata madoa ya kijani."

Ni kweli kwa chogo. Sumaku ya spika ilikuwa inapindisha miale ndani ya ile chupa kubwa na kuacha madoa ya rangi. Kioo hiki hakina miale ya kupindishwa. Nikasogeza spika hadi zikagusa monita, akasubiri madoa, hayakuja, lakini nilipogeuka tayari alikuwa amezisogeza pembeni tena. Ziko huko huko.

Rimoti ilihitaji maelezo mafupi. Ukizima kisanduku, monita inakosa mawimbi na kulala yenyewe, taa inakuwa ya rangi ya chungwa. Ukiwasha kisanduku, inaamka. Hakuna haja ya kugusa kitufe cha monita. Vile vitufe nimevifunika kwa utepe, kwa sababu wajukuu.

Rangi ilikuwa na umanjano, uzee wa taa. Kwenye menyu ya monita nimehamisha joto la rangi upande wa ubaridi, na mwangaza nimeuacha asilimia 80. Nimewaambia jioni wakae na pazia, au wale wadudu wa ziwani watairudia na kujaza tena matundu niliyoyasafisha. Kila baada ya miezi kadhaa mtu apitishe brashi juu.

Umeme: nimeweka kifaa cha kupimia kwenye plagi. Monita wati 36, kisanduku wati 4. Kwa saa tano kwa siku ni wati-saa 200, yaani uniti moja ya LUKU inamaliza siku tano. Sabufa sijalihesabu, maana lilikuwepo hata kabla. Nimeongeza kile kilinzi cha friji kinachokata umeme ukishuka au kupanda na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Kapasita mpya zinastahili heshima hiyo.

Bando ndilo lililochukua mazungumzo marefu, kuliko hata picha. Intaneti inatoka kwenye simu ya shangazi kwa hotspoti. Netflix wenyewe wanaeleza matumizi yao hivi: ubora wa chini takriban GB 0.3 kwa saa, wa kati 0.7, wa juu hadi 3 kwa HD. Programu nyingine hazitofautiani nazo mno, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha kukadiria. Saa mbili kwa siku, siku 30: ubora wa kati ni GB 42, wa juu unaweza kufika GB 180. Na hapa udogo wa kioo unakuwa rafiki. Kwenye inchi 19, ukiwa umekaa kochini mita mbili, 480 na 720 hazina ugomvi mkubwa, na 1080 haina maana yoyote kwa sababu pikseli za kuionyesha hazipo. Nimemwonyesha mjukuu mkubwa alama ya gia kwenye YouTube, achague 480 kila video ya habari inapoanza. Kwaya na video za harusi nimezihamishia kwenye flashi iliyochomekwa kwenye kisanduku. Hizo hazili bando hata kidogo.

Saa mbili usiku taarifa ya habari ikaanza. Shangazi akasogeza kiti mbele, akakirudisha nyuma, akaondoa miwani.

"Afadhali."

Kwa anayemfahamu, hiyo ni sifa kubwa.

Jumapili: jirani na king'amuzi

Habari Igogo hazichelewi. Jirani wa shangazi, mzee anayepeleka dagaa Mwaloni, amekuja na king'amuzi chake kwapani. Ameisikia ile monita ya inchi 17. Yeye ni mtu wa Pamba Jiji, na tangu timu irudi Ligi Kuu mwaka 2024 hataki kukosa mechi, ila kustrimu hataki kusikia, kifurushi cha king'amuzi kinamtosha.

"Mwanangu, hiki si kina HDMI? Nibandike tu."

Tukajaribu kwa ile adapta ya VGA. Nje ya kiwango. Nikashusha king'amuzi hadi 720. Nje ya kiwango. Hii ni tofauti na ya kisanduku changu. Televisheni zetu zinafuata herzi 50, na king'amuzi kinatoa picha kwa herzi 50 hata ukishusha ukubwa. Monita nyingi za kompyuta za zamani zinaanzia herzi 56 kwenda 75 hivi. Chini ya hapo zinakataa. Kwenye menyu ya king'amuzi chake hakuna herzi 60 pa kuchagua. Kwenye ile ya inchi 19 ya shangazi tulijaribu pia, nayo ikakataa.

Kinachoweza kumsaidia ni kile kijisanduku cha kugeuza AV kwenda VGA. Chenyewe kinapokea picha kupitia zile waya za rangi tatu, kinaitengeneza upya, kisha kinaitoa kwa herzi 60. Ubora utashuka, utakuwa ule wa TV ya chogo, na uwiano wa 5:4 utambakizia mikanda juu na chini. Nikamwambia wazi: ukijumlisha monita, kijisanduku hicho, na spika ambazo hana, anaanza kuikaribia bei ya TV ndogo ya dukani yenye kila kitu ndani. Mimi ningevuta subira. Kazi hii inalipa kama vitu vingi tayari unavyo, kama shangazi alivyokuwa na sabufa na mimi kisanduku.

Mzee akafikiri, akauliza kama naweza kumkopesha ile monita wakati anavuta subira. Nimempa. Kijisanduku cha AV kwenda VGA amesema atakitafuta mwenyewe mjini, na nimemwandikia kwenye karatasi maneno ya kusema dukani, likiwemo la kwamba asikubali kununua kabla hawajakiwasha mbele yake kwenye king'amuzi chake.

Vilivyobaki

Waya wa DVI urudi ofisini, nimeagiza mwingine. Bati la ukutani la matundu ya milimita 100 likipatikana, tutaifunga ukutani usawa wa kochi na kumrudishia shangazi kabati lake. Monita nimeifunga vibanio vyote sasa. Adapta ya VGA iko kwa mzee wa dagaa.